Siri yake ilitolewa kama ombi la maombi, sasa hataki tumtembelee

Shikamoo Mama,

Naomba unisaidie mawazo. Jambo hili limeninyima raha na sina wa kumwambia bila kulikuza zaidi.

Nimeolewa, nina watoto wawili, na nimo katika umoja wa wanawake kanisani kwetu. Tumepangwa wawili wawili, na kila wawili wana akina dada watatu wa kuwatembelea kila mwezi. Tunawajulia hali, tunasoma neno, tunaomba pamoja, na tunaangalia kama kuna shida ambayo umoja unaweza kusaidia. Mwenzangu ni mama mtu mzima, rika la mama yangu mzazi. Ni mama wa maombi kweli. Nilipojifungua mtoto wa pili ndiye aliyekuja kunifulia nguo wiki nzima, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Mmoja wa wale akina dada tunaowatembelea ni mkimya sana. Kwa miezi mingi alikuwa akitupokea vizuri, tunasoma, tunaomba, tunaaga. Siku moja mwenzangu alipomaliza kusoma, yule dada akaanza kulia. Akatuambia mimba yake imetoka, na ni ya tatu kutoka. Akasema Jumapili anakuja kanisani anakaa, lakini wimbo ukianza mdomo haufunguki, na akipiga magoti usiku hapati neno hata moja la kumwambia Mungu. Alisema hayo ameyaficha hata kwa mama mkwe wake. Tulimshika mikono, tukaomba, tukaondoka.

Mkutano wa umoja uliofuata, ulipofika wakati wa kutoa mahitaji ya maombi, mwenzangu akasimama. Akamtaja yule dada kwa jina, akasema mimba imetoka tena na imani yake imeyumba, tumshike katika maombi. Nilipigwa na butwaa, sikusema kitu. Jumapili ile ile wanawake wawili walimfuata yule dada nje ya kanisa, mmoja akamshika bega na kumwambia asikate tamaa, Mungu atampa mwingine. Nilikuwa nimesimama karibu. Niliona uso wake ulivyobadilika.

Jioni akatutumia ujumbe sote wawili: "Nawashukuru kwa kunijali. Naomba msije tena kwa sasa."

Nilipojaribu kuzungumza na mwenzangu, aliniambia yeye alitoa hitaji la maombi, hakusengenya mtu, na kwamba kufichaficha mambo ndiko kunakompa shetani nafasi. Mwenyekiti wetu naye anasema tuendelee kwenda, kwa kuwa kondoo akijitenga ndipo anapopotea, na tena daftari la ziara lazima lijazwe kila mwisho wa mwezi.

Mama, niende au nisiende? Nikiacha, je, sitakuwa nimemtelekeza wakati imani yake iko chini kabisa? Na mtu mzima kama yule namwambiaje kwamba alikosea, bila kumvunjia heshima?

Mwanao katika Bwana

* * *

Marahaba, mwanangu.

Usiende. Nalisema mapema ili lisikusumbue unapoendelea kusoma. Mwenye nyumba amesema msije, na neno lake ndilo linalosimama, hata kama mwenyekiti ana sababu nzuri na daftari liko wazi mezani. Ukienda kinyume cha ombi lake, hata ukiwa na Biblia mkononi na upendo moyoni, utakuwa umemthibitishia kile anachokiogopa sasa hivi, kwamba ninyi hamsikii anachosema.

Lakini uusome tena ujumbe wake polepole. Amewashukuru, amesema "kwa sasa", na amewaandikia ninyi wawili wenyewe, wala hakumtuma mtu. Mwanamke aliyeumizwa hivyo angeweza kunyamaza tu, au kuhama kanisa. Huyu amewekea mpaka ziara zenu, na bado amekuachia pa kupitia siku atakapokuwa tayari. Kazi yako kwanza ni kutopaharibu hapo.

Mwandikie mara moja, wewe peke yako, na ufupishe. Kama mimi ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Dada, nimepata ujumbe wako na hatutakuja. Uliyotuambia nyumbani kwako hayakupaswa kutoka, na yametoka. Naomba unisamehe. Kwangu hayataenda popote tena. Huna haja ya kunijibu." Basi. Usiweke mstari wa Biblia, usimweleze mwenzako alikuwa na nia gani, usimwambie jinsi wewe ulivyoshtuka. Ukianza kujieleza, utamfanya yeye aanze kukutuliza wewe, na hana nguvu hizo kwa sasa. Hilo la kutodai jibu ni la muhimu kuliko unavyodhani. Mtu mwenye huzuni akipokea ujumbe, kinachomchosha zaidi ni deni la kujibu.

Sasa nije kwenye hili la ombi la maombi, maana hapa ndipo wanawake wengi wa kanisani tunapokwama, na tunakwama tukiwa na nia safi kabisa.

Mtu akikuambia jambo lake nyumbani kwake, jambo hilo linabaki lake. Halibadiliki kuwa la umoja kwa sababu umoja ndio uliokutuma. Wala halibadiliki kwa sababu linatajwa huku macho yamefumbwa. Mithali 11:13 inamtofautisha anayefunua siri na yule ambaye "mwenye roho ya uaminifu husitiri mambo." Mtume Paulo naye, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya tano, aliwaonya wanawake waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba na kusema yasiyowapasa. Hakuwakataza watu kutembeleana, maana yeye mwenyewe alipotoka gerezani Filipi mguu wake wa kwanza ulikuwa nyumbani kwa Lidia. Shida yake ilikuwa yale yanayobebwa kutoka nyumba moja kupelekwa nyingine.

Kama mwenzako alitaka dada huyu aombewe, njia zilikuwepo. Angeweza kumuuliza pale pale, "Mwanangu, ungependa tulipeleke hili kwa wenzetu, au libaki kati yetu?" Angeweza kusema kwenye mkutano, "Kuna mwenzetu ana huzuni, tumwombee," akaishia hapo, bila jina, bila mimba, bila imani kuyumba. Bwana mwenyewe katika Mathayo sura ya sita anasema Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba. Hahitaji kutajiwa jina la mtu kwa sauti mbele ya ukumbi mzima. Wanaohitaji jina ni sisi.

Tena kuna habari nzuri ambayo nayo ilisitiriwa. Elisabeti alipopata mimba uzeeni, baada ya miaka mingi ya kuhesabiwa kuwa tasa, Luka anatuambia alitawa miezi mitano. Lile lilikuwa jambo la furaha, la kumtukuza Mungu kabisa, na bado alikaa nalo kwanza. Kama mwanamke mwenye furaha ana haki ya kujitenga na macho ya watu, sembuse huyu wenu aliyefiwa mara tatu na hakuna kaburi hata moja la kumwonyesha mtu.

Nimetumia neno kufiwa kwa makusudi. Katika mimba ambazo mwanamke ameshajua anazo, madaktari hukadiria kuwa kati ya 10 na 20 katika kila 100 hutoka, nyingi zikiwa ndani ya wiki 12 za kwanza. Maana yake, katika mkutano ule ule ambao jina la dada huyu lilitajwa, yumkini walikuwamo wengine waliopitia hayo na hawajawahi kusema. Wao nao walisikia. Wamejifunza kitu kuhusu mahali pale, na sidhani ni kitu ambacho mwenyekiti wenu angependa wajifunze.

Na lile neno la "Mungu atakupa mwingine." Linasemwa kwa upendo, najua. Lakini mwenye uchungu hamlilii mtoto wa kesho, anamlilia aliyeondoka. Elkana alimwambia Hana, mkewe, kwamba yeye mwenyewe ni bora kwake kuliko watoto kumi. Alimpenda kweli, Maandiko yanasema hivyo, ila maneno yake hayakufuta hata chozi moja, na Hana akainuka akaenda kuomba. Kama hujui useme nini, sema "pole, dada" halafu unyamaze. Rafiki za Ayubu walipoketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, hawakumkosea kitu. Makosa yao yote yako kwenye sura zinazofuata, walipoanza kueleza.

Umeniuliza kama utakuwa umemtelekeza. Hapana, ikiwa utaendelea kumbeba mahali asipokuona. Yeye amesema hapati neno la kuomba. Basi omba wewe, chumbani kwako, kwa jina lake, kila siku kama unaweza. Wale watu wanne wa Marko sura ya pili walipomteremsha mwenye kupooza kupitia darini, imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Hatuambiwi mgonjwa mwenyewe alikuwa akiamini nini saa ile akiwa kwenye godoro. Zipo nyakati mtu anaingizwa mbele za Mungu kwa imani ya wenzake, na hiyo ndiyo maana kubwa ya sisi kuwa na umoja wa wanawake.

Wala mdomo usiofunguka si dalili ya imani iliyokufa. Huyo huyo Hana aliomba midomo ikicheza na sauti haisikiki, na kuhani Eli, mtu mzima wa nyumba ya Bwana, akamdhania amelewa. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, hakuna sifa mwishoni, na Kanisa limeiweka katika sala zake vizazi na vizazi bila kuikarabati. Dada yenu anakuja Jumapili, anakaa, haimbi. Lakini amekuja, mwanangu. Mimi siwezi kuiita hiyo imani iliyoyumba.

Kuhusu mwenzako. Nimependa kwamba hukusahau zile nguo alizokufulia. Anza na hapo utakapozungumza naye, kwa kuwa ni kweli, na kwa sababu mtu anasikia vizuri zaidi kutoka kwa anayemjua wema wake. Mfuate nyumbani kwake mkiwa wawili tu, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18, wala usilipeleke kwenye mkutano, maana mtu mzima akikosolewa mbele ya watu hujitetea hata pale ambapo moyo wake umeshakubali. Mara ya kwanza inaelekea mlizungumza juu juu, akajibu juu juu. Safari hii mweleze ulichokiona: "Mama, nilikuwa nimesimama karibu naye Jumapili aliposhikwa bega. Mama mkwe wake hakuwa anajua. Sasa anaweza kuzisikia habari hizi njiani." Usitumie neno umbea, atalikataa na atakuwa na haki, kwa sababu hakukusudia umbea. Mwombe tu akubali kwamba dada ameumia, na kwamba ninyi wawili mnaomtembelea mnapaswa kumwomba radhi.

Kama akisema kukubali hilo ni kujishusha, mkumbushe Eli, taratibu. Alikosea vibaya, tena akiwa kwenye kiti chake cha ukuhani, lakini Hana alipomweleza, alimwambia pale pale aende kwa amani, akamwombea Mungu wa Israeli ampe haja yake. Hakupungukiwa na kitu. Nakwambia, wapo wazee wengi ambao hawajawahi kupewa nafasi ya kurekebisha jambo kwa heshima, kwa vile sisi vijana wao tunanong'ona pembeni badala ya kuwafuata. Na akikataa kabisa, usigombane naye. Mwombe mwenyekiti akupangie mwenzako mwingine kwa ajili ya dada huyu peke yake, bila kumfungulia mtu mashtaka.

Mwenyekiti yeye anastahili kuambiwa wazi zaidi. Daftari ni zuri, linasaidia asisahaulike mtu. Ila daftari halipaswi kuwa sababu ya kubisha hodi. Kuna mfano ambao ningependa aujue. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lina chama cha wanawake kilichoanzishwa Machi 17, 1842 huko Nauvoo, Illinois, rais wake wa kwanza akiwa Emma Smith, na mwaka uliofuata kilikuwa tayari kimeteua wanawake wa kupita nyumba kwa nyumba kujua nani ana shida gani. Utaratibu wa kutembeleana wawili wawili ulikuja kuwa mila kubwa kwao, wenye ujumbe wa kila mwezi na hesabu ya nyumba zilizofikiwa. Aprili 2018 viongozi wao waliuondoa. Wawili wawili wamebaki, lakini ujumbe wa mwezi na ile hesabu ya ziara vimeachwa, na badala yake kiongozi huzungumza na wale wanaotembelea juu ya hali na mahitaji ya watu wenyewe. Sisemi tuwaige katika kila jambo, makanisa yana mafundisho tofauti. Nasema watu waliofanya kazi hii kwa zaidi ya karne moja waliona inafaa kuacha kuhesabu milango.

Kwa hiyo mwombe mwenyekiti jambo moja dogo, kwamba mwezi huu mbele ya jina la dada huyo paandikwe "anawasiliana, ameomba apumzike," na pasiandikwe sababu. Na mwombe, kama anaweza, akumbushe umoja mzima kwamba hakuna jina litakalotajwa kwenye mahitaji ya maombi bila mwenyewe kuruhusu. Asitoe mfano. Kila mtu atajua, lakini asitoe.

Ngoja niweke na mpaka wa upande wa pili, maana kusitiri nako kuna mwisho wake. Mtu akikuambia anataka kujiua, au anapigwa nyumbani, au mtoto yuko hatarini, hapo hukai kimya. Unamwambia mwenyewe uso kwa uso, "Hili siwezi kulibeba peke yangu, lazima tumpate mtu wa kusaidia," kisha unatafuta msaada naye, kwa mtu mmoja anayeweza kufanya kitu, si kwa ukumbi. Kwa dada huyu, kama siku moja atakufungulia tena na ukaona wiki zimepita halali, hali, hajitunzi, au anasema afadhali asingekuwepo, hiyo ni huzuni inayohitaji mganga wa hospitali au mshauri aliyesomea, pamoja na maombi.

Na kuna jambo la hospitali ambalo huenda hakuna aliyemwambia. Mimba tatu zikitoka, mwanamke anastahili kupimwa na daktari wa wanawake kutafuta sababu. Wakati mwingine ni damu kuganda isivyo kawaida, au tezi, au umbo la mji wa mimba, au jambo linalohusu baba na mama wote wawili, na baadhi ya hayo yana tiba. Wakati mwingine sababu haionekani, na wengi wa wanawake hao hupata mtoto baadaye. Usimwandikie haya sasa. Lakini siku akikuuliza, au akisema anataka kwenda na hana wa kwenda naye, jitolee kumsindikiza, ukae kwenye benchi naye mpaka aitwe. Hiyo nayo ni ziara. Mariamu alipokwenda kwa Elisabeti alikaa kiasi cha miezi mitatu, na sidhani miezi yote ile ilikuwa ya nyimbo.

Jumapili ukimwona, msalimie kama unavyomsalimia mtu mwingine yeyote. Usimkwepe kwa aibu, usimkumbatie kwa huruma mbele ya watu. Kama nafasi iko karibu naye, kaa. Wimbo ukianza, imba wewe, wala usimgeukie kuangalia kama anaimba. Baada ya wiki kadhaa unaweza kumtumia salamu fupi isiyodai kitu. Asipojibu, subiri tena muda mrefu zaidi. Kama atakualika, nenda peke yako, ukae muda mfupi, na mazungumzo ayaongoze yeye. Kama hatakualika kabisa, akampata dada mwingine wa kumwegemea, mshukuru Mungu kwa ajili ya huyo dada mwingine.

Halafu usiwasahau wale wawili wengine mnaowatembelea. Wao pia wamesikia yaliyotokea. Mwezi huu mtakapokwenda, kabla hamjafungua Biblia, waambieni kwamba watakayosema hayatatoka bila ruhusa yao, na waulizeni kama wangependa mwendelee kuja, na siku ipi inawafaa.